Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaotuuzia Zana za Kurekebisha Oda

Ndugu zangu,

Nawaandikia ninyi mnaokesha mkiandika skripti na roboti za MetaTrader, programu ya kufanyia biashara sokoni, mkiwa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam, Arusha au Kampala, kisha mkaziuza katika makundi ya WhatsApp na Telegram. Kazi zenu nazijua. Nazitumia mwenyewe, na watu ninaowafundisha biashara ya fedha za kigeni huja nazo darasani. Nyingi ni kazi nzuri. Mtu mwenye oda nane zilizo wazi hawezi kuzisogezea zote kikomo cha hasara, moja baada ya nyingine, wakati soko limeshaanza kugeuka. Zana yenu humfanyia kwa kubonyeza mara moja. Ombi langu kwenu ni moja. Msimuuzie tena mtu zana ya kurekebisha oda zilizo wazi bila kumpa maandishi, kwa Kiswahili anachokielewa, yanayoeleza zana hiyo hufanya nini hasa na hufanya nini inaposhindwa.

Nianze na sifuri, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike barua hii.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama anayeuza vitenge, alikuwa na oda tatu za kununua EURUSD, kila moja loti 0.10, zote zimefunguliwa 1.0850, na kikomo cha hasara amekiweka 1.0820. Hesabu yake ilikuwa safi: kwa loti 0.10 pipsi moja ni dola moja, kwa hiyo pipsi 30 kwa oda tatu ni dola 90. Hizo alikuwa radhi kuzipoteza. Ilikuwa ile Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani, ambazo majira yale hutoka saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu. Kabla hazijatoka alitaka kuziwekea oda zote kikomo cha faida 1.0920. Akafungua zana aliyoinunua kundini. Ilikuwa na visanduku viwili, kimoja kimeandikwa SL, yaani kikomo cha hasara, na kingine TP, yaani kikomo cha faida. Akajaza TP. SL akakiacha kama kilivyo, na ndani yake mlikuwa na sifuri. Akabonyeza, zana ikamjibu kwamba kazi imekwisha, naye akageukia wateja wake wa vitenge.

Kwake yeye sifuri ile ilimaanisha usiguse. Kwa zana ilimaanisha ondoa. Oda zote tatu zilibaki bila kinga, takwimu zikatoka, bei ikaporomoka. Alipoishika simu tena jioni ilikuwa 1.0730. Alizifunga kwa mkono wake, hasara dola 360.

Nilipomuuliza kijana aliyeiandika, alinijibu kwa heshima kabisa kwamba msimbo wake hauna kosa. Alisema kweli, na ukweli huo ndio unaonisumbua. Katika MetaTrader 4, amri ya OrderModify hupokea namba ya tiketi, bei, kikomo cha hasara, kikomo cha faida, muda wa oda kwisha, na mwishoni rangi ya mshale wa kwenye chati. Haina namna ya kusema "hiki kiache kilivyokuwa". Ukitaka kikomo cha zamani kibaki, ni wewe mwandishi wa programu unayepaswa kukisoma kwanza kutoka kwenye oda na kukirudisha katika ombi lako. Ukipeleka sifuri, kikomo kinafutwa. MetaTrader 5 nayo ni vivyo hivyo: ombi la kubadili vikomo vya biashara iliyo wazi hubeba SL na TP kwa pamoja, na usichokijaza huhesabiwa sifuri. Mwandishi mmoja anaweza kuamua kwamba sifuri katika zana yake ni "usiguse", mwingine akaamua ni "ondoa". Wote wawili wana haki. Kuna watu wanaohitaji kweli kuondoa vikomo vyote kwa mpigo. Ila mtumiaji anayekitazama kisanduku hana njia ya kujua yuko mbele ya zana ya nani kati ya hao wawili, isipokuwa pawe na sentensi imeandikwa mahali. Kwa mfano: "Ukiacha sifuri kwenye SL, zana hii itafuta kikomo cha hasara cha kila oda itakayoigusa. Ukitaka kikibaki, kiandike tena." Sentensi mbili hizo zingemwachia mama yule dola 270 zake.

Jambo la pili ni kushindwa, na hapa ndipo zana nyingi nilizozipitia zinanyamaza. Kurekebisha oda ni ombi. Seva ya broka inaweza kulikataa, na hulikataa kwa sababu zinazojulikana, zenye namba zake. Namba 130 katika MT4 humaanisha kikomo ulichopendekeza hakikubaliki, mara nyingi kwa kuwa kiko karibu mno na bei ya sasa. Broka huwa na umbali wake wa chini, na umbali huo hutofautiana kati ya broka na broka, pengine hata kati ya jozi moja ya sarafu na nyingine. Namba 145 humaanisha oda imeshakaribia bei ya soko kiasi kwamba hairuhusiwi tena kuguswa. Namba 1, inayowachanganya wengi, humaanisha umeomba mabadiliko ambayo hayabadilishi kitu: bei uliyopeleka ni ileile iliyokuwapo. Namba 4109 ni kwamba programu haijaruhusiwa kufanya biashara, na mara nyingi dawa yake ni kitufe kimoja tu juu ya skrini ambacho mteja hajakiwasha. Haya ninyi mnayajua kwa moyo. Mteja wenu anachokiona ni namba nyekundu chini ya skrini, au haoni chochote.

Sasa mfikirieni mwenye oda kumi. Anabonyeza, saba zinakubaliwa, tatu zinakataliwa, na zana inamwandikia kwamba imemaliza. Kwangu mimi hali hii ni mbaya kuliko zana kushindwa kabisa. Ikishindwa kabisa atajua kwamba hana kinga na atafanya kwa mkono. Ikifanikiwa nusu atalala akidhani amefunga milango yote. Kwenye MT5 mtego huu uko ndani zaidi, kwa kuwa amri ya OrderSend inaweza kujibu "kweli" kwa maana tu kwamba ombi limeandikwa sawasawa. Jibu halisi la seva liko katika namba nyingine, na 10009 ndiyo inayosema kwamba ombi limetekelezwa. Nimekutana na zana ambazo huishia kwenye ile "kweli" ya kwanza na kumpongeza mteja. Andikeni basi: zana yangu hukagua jibu la seva au haikagui, hujaribu tena mara ngapi, ikishindwa huandika wapi. Na mmweleze mteja afungue sehemu gani ya terminali yake ajionee mwenyewe, tiketi kwa tiketi, zipi zilizobadilika na zipi zilizobaki.

Kuna suala la vipimo, nalo halihitaji maneno mengi, ila kwenye dhahabu limewaumiza watu. Mteja akiandika 30 katika kisanduku, ni 30 za nini? Kwa broka anayeonyesha EURUSD kwa tarakimu tano baada ya nukta, pointi 30 ni pipsi tatu tu. Dhahabu ikionyeshwa kwa tarakimu mbili, pointi 30 ni senti 30 za dola, umbali ambao bei yake huuvuka kabla hujamaliza kupumua, huku mteja mwenyewe alikusudia dola tatu kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kuhesabu pipsi za dhahabu. Wekeni mfano mmoja wa EURUSD na mmoja wa XAUUSD, kwa namba kamili, kabla ya kubonyeza na baada ya kubonyeza. Mifano miwili tu.

Na semeni mnapima kutoka bei ipi. Chati ya MetaTrader, kama mteja hajaibadilisha, huchora bei ya kuuzia, yaani Bid. Oda ya kununua hufungwa kwa Bid, lakini oda ya kuuza hufungwa kwa Ask, bei ya juu ambayo mishumaa ya chati haiionyeshi. Mteja aliyeuza, kisha zana yenu ikamsogezea kikomo cha hasara hadi jirani na bei aliyoingilia, anaweza kutolewa sokoni bila mshumaa hata mmoja kukigusa kikomo hicho. Hutokea zaidi New York inapofunga siku yake, ambayo kwetu ni saa sita usiku au saa saba usiku kufuatana na majira yao, kwa kuwa wakati huo spredi, yaani pengo kati ya Bid na Ask, hupanuka. Asubuhi mteja anaamka, anaitazama chati, anamlaani broka. Pengine broka hana hatia. Pengine ni zana iliyofanya kile ilichoamriwa, ila hakuna aliyemwambia mwenye mali.

Kwa kuwa nimetaja saa, niongeze hili. Zana zenu zinazobadili muda wa kwisha wa oda zinazosubiri hufuata saa ya seva. Mabroka wengi huiweka seva kwenye GMT+2 wakati wa baridi ya kule na GMT+3 wakati wa kiangazi, nasi huku tuko GMT+3 mwaka mzima. Juu ya hapo, mteja wenu akisema oda yake ife saa tatu usiku, kichwani mwake kuna 3, ilhali zana inasubiri 21, tena pengine 20. Mtu asiyeishi kwa saa zetu hawezi kuona hatari hiyo. Ninyi mnaiona, kwa kuwa mnaishi kwa saa hizohizo. Hii ni sehemu ya maelezo ambayo hatutaipata kwa mwandishi wa ng'ambo hata tungesubiri miaka.

Halafu kuna simu. Wateja wenu wengi hawana kompyuta mezani, wana simu, na MetaTrader ya simu haiendeshi roboti wala skripti. Kwa hiyo mteja huiweka zana yenu katika kompyuta ya binamu yake nyumbani, au katika kompyuta ya kukodi iliyoko nje, kisha anatoka na simu yake. Akiwa kwenye matatu anaona faida imefika mahali pazuri, anasogeza kikomo kwa kidole. Roboti kule nyumbani inakuta kikomo hakifanani na hesabu yake, inakirudisha. Anasogeza tena, kinarudishwa tena. Nimeona mtu mzima amekasirika hadi machozi akiamini kwamba broka anamhujumu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba, kwa zana ile, roboti ndiyo yenye neno la mwisho, na kwamba ukitaka kurekebisha kwa mkono sharti uizime kwanza. Waandishi wengine wameamua kinyume chake, kwamba mteja akigusa oda kwa mkono zana iiache kabisa. Uamuzi wowote unafaa. Kinachoumiza ni mteja kuugundua wakati pesa iko mezani.

Kuhusu kikomo kinachofuata bei, nawaomba muandike kwa herufi kubwa mkitaka. Umeme ukikatika, bando likiisha, au kompyuta ikilala, kikomo kilichokwisha kupelekwa hubaki kwenye seva ya broka na kitafanya kazi yake. Kinachokoma ni kule kusogea. Darasani kwangu nina wanaoamini kwamba intaneti ikikatika kikomo chote kimekufa, wakafunga oda zao kwa pupa. Nina wengine wanaoamini kwamba kitaendelea kupanda na bei usiku kucha hata kompyuta ikiwa imezimwa. Makundi yote mawili yamelipia zana, na makundi yote mawili hayakuambiwa.

Na msiuahidi uwezo ambao kikomo chenyewe hakina. Tarehe 15 Januari 2015 Benki Kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya 1.20 ya yuro kwa faranga, na watu waliokuwa na vikomo vya hasara walivikuta vimetekelezwa mbali mno na pale walipoviweka, kwa sababu hapo katikati hapakuwa na mnunuzi. Kampuni ya Alpari ya Uingereza ilifilisika kwa tukio hilo. Zana inayosogeza kikomo husogeza mahali pa kuombea kufungwa. Bei utakayoipata inaamuliwa na soko.

Huenda mkasema haya ni mambo makubwa kwa skripti ya mistari 100 inayouzwa bei ya chakula cha mchana. Itazameni Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa na mainjinia wa kulipwa na seva zake yenyewe. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti 2012 ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa takriban dakika 45. Programu mpya ilipaswa kuwekwa katika seva nane. Moja ilisahaulika, na ndani yake mlikuwa na msimbo wa zamani ambao ulikwisha kuachwa kutumika. Msimbo huo uliamka ukaanza kumwaga oda sokoni. Mwaka uliofuata msimamizi wa masoko ya hisa ya Marekani aliipiga kampuni hiyo faini ya dola milioni 12, na miongoni mwa aliyoyakuta ni kwamba hapakuwa na utaratibu wa maandishi wa kumtaka fundi wa pili akague kazi ya wa kwanza. Ukurasa mmoja uliokosekana, katika kampuni ya namna ile. Ninyi wengi mnafanya kazi peke yenu, bila fundi wa pili. Maandishi ndiyo fundi wenu wa pili, kwani ukijaribu kueleza kwa sentensi kamili zana yako hufanya nini ikikuta oda iliyokaribia kufungwa, mara nyingi utagundua kwamba hukuwahi kuliamua jambo hilo.

Nazijua hoja mtakazonijibu. Ya kwanza ni video. Video ni nzuri kumwonyesha mtu pa kubonyeza, lakini saa tisa na nusu alasiri ya siku ya takwimu hakuna atakayeitafuta dakika ya kumi na mbili ya video kujua sifuri ina maana gani; na mkibadili toleo la zana, video ya toleo la zamani huendelea kuzunguka makundini miaka. Ya pili ni kwamba mkieleza mtaibiwa. Sijaomba msimbo wala fomula zenu za kuingia sokoni. Nimeomba mseme mkono wa zana unashika nini na unaachia nini. Ya tatu ni kwamba watu hawasomi. Hawasomi yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha kunakiliwa, kurasa 15, nusu yake maonyo ya kisheria. Mama wa vitenge aliniomba nimwandikie kwenye daftari lake maana ya kila kisanduku, na daftari hilo anatembea nalo.

Wengine wataniuliza kwa nini siwaandikii wasimamizi. Kenya ina kanuni za mwaka 2017 za biashara ya fedha za kigeni mtandaoni, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, na chini yake broka hupata leseni, na msimamizi wa fedha za wateja hupata yake. Kijana anayeuza skripti kundini si broka, wala hashiki fedha ya mtu. Kati ya mteja na zana yake hakuna ofisi iliyosimama, mmesimama ninyi. Broka naye akilalamikiwa atasema, kwa haki, kwamba alipokea ombi halali kutoka akaunti ya mteja na akalitekeleza.

Ninachoomba kinaenea katika ukurasa mmoja, na kazi yake ni jioni mbili. Anzeni na zana ambazo tayari ziko mikononi mwa watu, msisubiri ile mnayoiandika sasa. Semeni inagusa oda zipi: zote za akaunti, za jozi iliyo kwenye chati tu, au zile zilizofunguliwa na roboti yenyewe. Hili nimelikuta limeachwa hata katika zana za bei kubwa, na mtu akajikuta amehamisha vikomo vya dhahabu kwa hesabu za yuro. Elezeni sifuri. Elezeni kukataliwa kwa seva, kwa zile namba tatu nne zinazojirudia. Andikeni namba ya toleo na tarehe juu ya ukurasa, ili mteja ajue anasoma habari za zana aliyonayo. Kisha mpeni mtu asiyejua programu ausome ukurasa huo huku akiitumia zana kwenye akaunti ya majaribio, nanyi mkae kimya pembeni mkimtazama. Pale atakapoinua kichwa kuuliza ndipo pa kuandika upya.

Kwa upande wangu, ukurasa wa namna hiyo nimeshauandika kwa ajili ya zana anayoitumia mama yule, kwa ruhusa ya kijana aliyeitengeneza, baada ya sisi watatu kukaa na akaunti ya majaribio na kujaribu kila kisanduku, kikiwa kimejazwa na kikiwa kitupu. Tulipofika kwenye sifuri, kijana mwenyewe aliamua kubadili msimbo: sasa sifuri huacha kikomo kilivyo, na anayetaka kukifuta huwekewa kitufe chake peke yake, kinachomuuliza kwanza kama ana hakika. Atakayetaka ukurasa huo auchukue kama kiolezo, abadilishe atakavyo, asiweke jina langu. Na mwenye zana asiyejua aanzie wapi aniletee. Darasa letu hukutana Jumamosi, siku ambayo soko la fedha limefungwa na hakuna oda inayomkimbiza mtu. Tutakaa nayo mpaka tuelewane nayo.

Wasalaam,

Mwenzenu, mwalimu na mfanyabiashara wa fedha za kigeni,
Mombasa